Tundu la Namba Tisa

Benchi lenyewe ni refu, la mbao, limekaa baina ya mlango wa kinyozi na meza ya fundi cherehani, mahali ambapo ukuta hutoa kivuli asubuhi nzima. Kinyozi, wanayemwita Wembe, ndiye mwenye televisheni. Fundi ndiye mwenye meza. Bwana Zamu, mlinzi mstaafu, hana mali yoyote pale ila sauti. Mama Birika ndiye mwenye kahawa, kwa hiyo ndiye mwenye amri. Asubuhi ile, siku moja baada ya nusu fainali, hakuna aliyekuja na kelele zake za kawaida. Walikaa kama watu waliofunguliwa mlango kwa bahati mbaya, wakaona kitu ambacho hawana hakika kama waliruhusiwa kukiona. Fundi alikuwa amechora uwanja kwa chaki yake juu ya kitambaa cheusi cha suruali ya mteja, akapanga vifungo vyeupe kuwa wachezaji. Kila akivipanga, mkono wake kwa mazoea ulipeleka kifungo kimoja mbele, karibu na goli la wapinzani, na kila mara ilimbidi akirudishe.

— Rudia, Fundi — alisema Zamu. — Polepole. Mimi bado sijaelewa.

— Golikipa huyu. Mabeki hawa wanne. Waliobaki wote ni viungo.

— Na mbele?

— Mbele hakuna mtu.

— Hakuna mtu kabisa?

— Zamu, si tuliangalia mpira mmoja mimi na wewe?

— Tuliangalia. Ndiyo maana nauliza.

Jana yake, kikosi kiliposomwa, wote walidhani mtangazaji amemruka mtu. Wembe aliipiga televisheni kofi la ubavuni, kana kwamba jina limekwama ndani. Kisha macho yote yakamgeukia Fundi, kwa sababu mshambuliaji wa timu yao, namba tisa, yule wanayemwita Mshale, ni mtoto wa marehemu mdogo wake. Fundi ndiye aliyemlea. Kaptura ya kwanza ya mpira aliyovaa kijana yule, Fundi aliishona kwa mabaki ya pazia la kijani, na mpaka leo anakumbuka ni pazia la dirisha lipi. Basi alitoka nje, akampigia simu mama wa kijana.

— Shemeji, mtoto anaumwa?

— Haumwi. Ameambiwa akae nje.

— Kwa kosa gani?

— Hakuna kosa, shemeji. Ameambiwa akae tu.

Fundi alirudi ndani na hasira, amekwisha kumwandalia kocha matusi ya dakika zote tisini. Mpira ukaanza, na matusi yakakataa kutoka. Wale mabeki wawili wakubwa wa wapinzani, waliokuja kumkaba Mshale, walifika kazini wakakuta kazi haipo. Wakatazamana. Mmoja akapanda mbele kidogo kutafuta mtu wa kumsumbua, mwenzake akabaki, kisha naye akaona aibu kubaki peke yake. Na pale walipotoka, pale ambapo miaka yote husimama Mshale, pakabaki peupe. Mpira ukawa unazunguka pembeni ya peupe pale, mguu kwa mguu, bila haraka, kama wanawake wanaopokezana mtoto mchanga. Kisha kiungo mdogo, yule mwembamba wa kulia, akaingia mle katikati peke yake, hakuna wa kumgusa, na golikipa wa watu akatoka huku ameinua mikono kama anayeomba maelezo. Bao.

La pili lilikuwa zuri kuliko la kwanza. Fundi aliruka mpaka kiti cha kunyolea kikazunguka. Alipokuwa bado juu, miguu haijagusa sakafu, ndipo alipokumbuka nani ameketi nje.

Hilo ndilo lililokuwa linamla asubuhi ile. Kijana alikuwa ametuma ujumbe kwamba atapita leo kumsalimia, na Fundi hakujua atamtazama kwa macho gani.

— Mimi naliona jambo hili kikazi — alisema Zamu. — Nimelinda mageti nusu ya umri wangu. Mwizi akija, unapambana naye, basi. Asipokuja ndiyo balaa. Utakwenda kuongea na mlinzi wa jirani. Utakagua ukuta wa nyuma ambao hauna kitu. Utavua kiatu utoe mchanga. Kocha huyu anajua ulinzi! Aliwaondolea mwizi, wakaacha geti wenyewe.

— Hapo umesema — alikubali Wembe, na Wembe si mtu wa kukubali. — Lakini umeishia njiani. Fikiria mbele zaidi. Kama kumtoa mshambuliaji kumeleta mabao mawili, fainali Jumamosi atamtoa nani?

— Nani?

— Golikipa.

Mama Birika alisimama kumimina.

— Golikipa, Wembe?

— Mama, nisikilize. Mshambuliaji wa kwao anakuja mbio, anainua kichwa, anaona goli tupu. Jitu zima na akili zake! Atajiuliza, hawa wamenitegea nini? Miguu itamtetemeka. Atapiga nje.

— Asipopiga nje?

— Atapiga nje. Kwanza atasimama amwulize mwamuzi.

— Kwa hiyo tutacheza wangapi?

— Pungufu, na tutashinda zaidi — alidakia Zamu, ambaye sasa alikuwa amesimama na kikombe chake. — Mimi naona mbali kuliko wewe. Mtu huyu Jumamosi haleti timu kabisa! Wenzetu wataingia uwanjani, watajipanga, watasubiri. Hatuji. Watashikwa na wasiwasi. Wataanza kulaumiana, huyu akisema wewe ndiye uliyewaudhi, yule akisema ni wewe. Mwisho watarudishiana mpira wenyewe kwa hasira, wajifunge.

— Kombe atachukua nani?

— Kocha atapita kulichukua jioni, akitoka kwake.

— Basi na mimi Jumamosi sileti kahawa — alisema Mama Birika. — Nione kama mtalewa utamu wake.

Walicheka, lakini kicheko hakikwenda mbali. Kilirudi chenyewe kikatulia, na wote wakainamia tena kile kitambaa cheusi.

— Fundi, wewe kimya chako cha nini? — aliuliza Wembe. — Jana uliruka kuliko sisi wote. Kiti changu mpaka sasa kinalia.

Fundi alichukua mkasi, akauweka tena.

— Nilipokuwa najifunza kazi — alisema — shati la kwanza nilikata kila kitu sawa. Mikono, kifua, mgongo. Nikashindwa kukata shingo. Kitambaa kizuri, kizima, nikaona uchungu kukitoboa. Mwalimu wangu akaja, akanipokonya mkasi, akakata pale pale katikati. Roho ikaniruka. Kisha akalishona, akalivaa. Jana nimepatwa na kitu kile kile. Nimemtazama yule mtu akikata pale penye kitambaa kizuri kuliko pote.

Zamu alivua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa.

— Kweli yule si mtu wa kawaida — alisema.

— Si wa kawaida hata kidogo — alisema Wembe. — Na tuseme kweli, Fundi ataniwia radhi, kwa sababu hapa tunaongea mpira. Miaka yote hii tumempigia kelele Mshale, Mshale, kumbe Mshale ndiye aliyekuwa anatuzibia njia.

Mama Birika alikohoa. Alikohoa tena, kwa nguvu zaidi. Wembe akageuka.

Mshale alikuwa amesimama kwenye kona, begi begani, na ilionekana hakufika sasa hivi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanetu, marahaba! — Wembe alijibu haraka mno. — Karibu! Tulikuwa tunaongea tu…

— Nimesikia, mzee. Hakuna neno.

Alikuja akasimama kando ya meza, akaviangalia vile vifungo. Mabega yake mapana, yale yaliyosumbua mabeki wa kila aina, yaliwatupia wote kivuli. Fundi alitamani kukikunja kitambaa kile kama mtu anayeficha barua ya mtu mwingine.

— Hii ni jana?

— Ni jana — alisema Fundi.

— Hili bao la pili, baba. Uliliona vizuri?

— Nililiona.

— Ulishangilia?

Zamu alianza kuangalia barabara. Fundi alimwangalia usoni.

— Niliruka, mwanangu. Sikuweza kujizuia. Nisamehe.

— Hata mimi niliruka — alisema Mshale. — Mimi ndiye wa kwanza kuruka pale tulipokaa. Nilimkumbatia daktari wa timu mpaka miwani yake ikaanguka.

Alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

— Nilikaa na hasira zangu pale, nimevaa koti, nimejikunja. Nikawa naangalia pale ninaposimama siku zote. Baba, sikujua kama ni pakubwa namna ile. Mimi nikiwepo naona mabeki tu, wananipumulia shingoni, naona pamebana, hata pa kugeuka hakuna. Kumbe nikitoka, panafunguka kama ukumbi. Tangu nianze kucheza mpira sijaona kitu kizuri kama kile. Nilimwangalia kocha, nikataka kumchukia, nikashindwa. Nikajikuta namwangalia kama mtoto anavyomwangalia mtu anayetembea juu ya kamba.

— Ndivyo ilivyokuwa — alisema Fundi kwa sauti ndogo. — Ndivyo hasa ilivyokuwa.

— Sasa kesho tunaanza mazoezi ya fainali. Kocha hapigi hotuba. Anapuliza filimbi tu, anasema kila mtu aende mahali pake.

Aliwaangalia mmoja mmoja, bila hila, kama mtu anayeulizia njia.

— Mimi nikasimame wapi?

Wembe, aliyekuwa na nafasi ya kila mtu asubuhi ile, hata ya golikipa, alianza kupangusa kitana ambacho hakikuwa na unywele. Mama Birika alimimina kikombe bila kuombwa, akampa kijana, na hakurudi kuketi. Barabarani watu walipita na shughuli zao.

Fundi aliangalia kitambaa. Alikitazama kwa bidii ya kweli, kutoka goli hadi goli, kama anayetafuta mahali pa kutoa kipande bila kuharibu nguo. Alitafuta kulia, alitafuta kushoto. Alirudi nyuma mpaka kwa mabeki.

— Sijui, mwanangu — alisema mwisho. — Nakutafutia, na sioni. Umekula?

— Bado.