Mzee Subiri na Visima Viwili

Baada ya miaka thelathini na mmoja, miezi miwili na siku tisa, mhariri wa makala za Kitengo chetu cha Utafiti wa Maji anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Hesabu ya siku ni yake mwenyewe, na nimempelekea mara mbili aihakiki. Aya hii nimeiandika mwisho, maana ndivyo alivyotufundisha: ikisiri, ule muhtasari wa mwanzoni, huandikwa kazi ikishakwisha.

Alianza akiwa mpiga chapa katika chumba kidogo kando ya stoo ya mabomba. Watafiti walimletea makala zilizoandikwa kwa mkono, naye alizichapa huku akiuliza maswali pembeni kwa penseli. Maswali yalipowazidi, wakaona heri wampe cheo. Tangu hapo makala mia mbili na kumi na nne zimepita mikononi mwake, na hakuna hata moja iliyotoka bila kuambiwa isubiri. Ndiyo maana tunamwita Mzee Subiri. Mkewe anasema nyumbani nako hurudi mara mbili kutazama kama mlango umefungwa, na kwamba barua yake ya kwanza ya mapenzi ilichelewa wiki tatu, ikafika ikiwa na orodha ya marejeo.

Makala huzisoma kinyumenyume. Huanza na hitimisho, akaandika pembeni, "Umejuaje?" Hurudi kwenye matokeo kutafuta jibu, kisha kwenye mbinu kuona jibu lilipatikanaje. Utangulizi huufikia mwishoni, kuona kama swali lililoulizwa ndilo lililojibiwa. Hapendi watu wanaoahidi bahari wakaleta kikombe.

Makala yake ya mwisho ilimfikia Jumatano ya wiki iliyopita. Ni ya mtafiti wetu kijana, tunayemwita Daktari Mtarajiwa kwa kuwa shahada yake inaingojea makala hiyo, nayo ilitakiwa ifike kwenye jarida kabla ya saa kumi jioni. Hitimisho lilisema maji ya visima vyote vilivyopimwa ni salama kwa kunywa. Saa sita mchana Mzee aliweka rula juu ya jedwali, akahesabu mistari, akahesabu tena. Sehemu ya mbinu ilitaja visima arobaini na vinane. Jedwali lilikuwa na arobaini na sita.

Daktari Mtarajiwa alikuwa amesimama mlangoni, kukaa kumemshinda.

"Mzee wangu, ni viwili tu. Tubadilishe ile namba kwenye mbinu, tuitume."

"Kawaulize wanaokunywa pale kama ni viwili tu," Mzee alisema. "Lete madaftari."

Wapimaji walikuwa wanne, kila mmoja na daftari lake, na moja lilikuwa limenyeshewa. Ndani yake kurasa mbili ziligandana, na aliyechapa jedwali alizifunua pamoja kama ukurasa mmoja. Aliyechapa ni mimi. Mzee alizitenganisha kwa ncha ya rula, polepole, kama mtu anayetoa mwiba mguuni mwa mtoto. Visima viwili vilikuwa humo, vyote vina vijidudu vya kinyesi. Kimoja kipo nyuma ya shule ya chekechea.

Hakuuliza nani alichapa. Alinisogezea kiti.

"Haya mwanangu, nisomee, nami niandike."

Kwanza alipiga simu idara ya maji, na visima vikafungwa jioni ile ile. Ndipo tukarudi kwenye makala. Jedwali likajazwa, mjadala ukaandikwa upya, hitimisho likapoteza neno "vyote". Saa kumi ilitupita katikati ya mjadala. Sote tuliitazama saa ya ukutani, tukaendelea. Daktari Mtarajiwa aliliandikia jarida barua ya kuomba siku mbili, na Mzee akaweka saini yake chini ya ile ya kijana, ingawa hakulazimika. Makala ikatumwa Ijumaa, ikisiri ikiwa ya mwisho kuandikwa.

Mzee wetu, jibu la jarida bado halijafika, na Daktari Mtarajiwa hufungua barua pepe kila baada ya dakika tano. Likija tutakupigia simu, ila tutalisoma mara mbili kwanza. Rula uliyotuachia ipo mezani. Nimeitumia kuhesabu mistari ya maandishi haya, na bado nina wasiwasi kwamba kuna uliopotea.

Asante kwa makala mia mbili na kumi na nne. Asante pia kwa swali moja ambalo hukuliuliza. Wewe na mama tunawatakia afya, usingizi wa kutosha, na mlango ambao ukishaufunga mara moja, utauamini.