Nahodha Royce Tidwell, Aliyekufa Mara Mbili

Wapendwa waombolezaji, mimi ni Verna Tidwell, dada mdogo wa marehemu. Wasifu huu nimeuandika mwenyewe na nimesimamia mwenyewe uchapaji wa ratiba mliyoshika, kwa sababu kuna mtu alitaka kunisaidia kuupunguza. Amekaa mstari wa mbele na medali zake. Nitamfikia.

Marehemu Royce Alton Tidwell alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 hapa Suffolk, Virginia, kifungua mimba wa Alton na Bessie Tidwell, wakulima wa karanga. Shule zote za utotoni alisoma hapahapa. Ndege za kijeshi za Norfolk zilipokuwa zikipita juu ya shamba, Baba alimwita mpaka akachoka. Mtoto kasimama, shingo juu, mdomo wazi, jembe limeanguka. Mwaka 1963 alihitimu chuo cha maofisa wa jeshi la majini kule Annapolis, na mwaka 1965 akapata mabawa yake ya urubani Pensacola.

Karibu maisha yake yote ya kazi aliyatumia kwenye manowari za kubebea ndege. Nusu yenu mliopo hapa mmejenga nyumba kwa mishahara ya meli hizo, kwa hiyo mnazijua: uwanja wa ndege darini, vijana elfu tano tumboni. Meli inageuzwa ikimbilie upepo, ndege inafungwa kwenye manati ya mvuke, inatupwa hewani kama jiwe. Ikirudi, inaning'iniza kulabu mkiani ili idake waya uliotandazwa sitahani, na rubani akigusa tu chuma anasukuma injini kwa nguvu zote, asije akaukosa waya akatumbukia majini. Yaani mtu anatua huku anaondoka! Kaka yangu alifanya hivyo miaka nenda miaka rudi, akaiita kazi ya watu wenye akili.

Na hiyo meli kazi yake nini? Wakubwa wakikasirishwa na nchi ya mbali, swali lao la kwanza ni meli yetu iko wapi. Inatumwa ikasimame mbele ya pwani ya watu, ionekane, na haina haja ya kumwomba jirani yeyote uwanja wa ndege. Ndilo jambo wanalolisifia. Sawa. Lakini kutembea peke yake, thubutu! Manowari za kuilinda mbele na nyuma, nyambizi chini, ndege ya kuchungulia juu. Bibi harusi hana wapambe wengi hivyo. Siku moja nikamwuliza, "Kaka, kitu kinacholinda nchi mbona chenyewe kinalindwa hivyo?" Akacheka. "Verna, kula karanga zako."

Tarehe 17 Juni 1967 alifunga ndoa na Imogene Sawyer katika kanisa la Methodisti la hapa mjini. Mpambe wake alikuwa rafiki yake wa chuoni, Thornhill Beckwith. Walijaliwa binti mmoja, Lorraine, aliyezaliwa baba akiwa baharini na kuanza kutembea baba akiwa baharini. Siku alizokuwa nyumbani, Royce hakuruhusu mtu ale nyama uani mpaka wageni wote wapangwe bega kwa bega, watembee toka uzioni hadi barazani wakiokota misumari na vizibo vya chupa. Ndivyo walivyofanya sitahani kila siku kabla ya ndege kuruka, afisa na mpishi mstari mmoja, kwa kuwa injini ikimeza msumari mmoja ndege imekwisha. Mashemeji walinuna, eti wamealikwa kula wanafanyishwa usafi. Imogene alikuwa akipita na sinia la mbavu akisema, "Okoteni, jamani, la sivyo mtazisikia harufu tu."

Marehemu alifariki dunia kwa mara ya kwanza tarehe 12 Oktoba 1988.

Siku hiyo alikuwa nahodha wa manowari ya kubebea ndege iitwayo Stony Gap, katika mazoezi ya kivita. Nchi moja rafiki ilileta nyambizi yake ndogo ya betri icheze upande wa adui. Walinzi wote wale, na mitambo yao ya kusikiliza, hawakusikia hata kikohozi. Nyambizi ikapita chini yao, ikasogea karibu, ikarusha fataki ya kijani hewani, ishara kwamba imeshafyatua na imepiga. Ikapiga na picha pia. Ndani yake anaonekana mpishi wa Stony Gap akivuta sigara nyuma ya meli, hana habari. Royce aliletewa nakala, akaitundika chooni kwake, na ipo hadi leo.

Basi Royce aliteremsha kwanza ndege zote zilizokuwa angani, maana mafuta hayasubiri, kisha akatangaza kwenye vipaza sauti: "Hapa ni nahodha wenu. Tumezama. Kila mtu akae chini alipo." Wakakaa. Fulana za njano, za kijani, za zambarau, kila kazi na rangi yake, sitaha nzima ikakaa kitako, naye akatoka akakaa nao. Admirali wa msafara ule alikuwemo melini. Alikuwa nani? Thornhill Beckwith, aliyemshikia kaka yangu pete kanisani. Akashuka uso umemwiva.

"Royce, unafanya nini?"

"Nimekufa, Thorn. Na wewe pia. Kaa."

"Inuka! Wabunge wanakuja kesho kutazama ndege zikiruka!"

"Waambie walete maua."

Beckwith hakukaa. Alinyakua kipaza sauti akaifufua meli, akaamua kwamba nyambizi haikuwepo, na wabunge wakaja wakapiga makofi. Taarifa ikasema Stony Gap imeshinda. Royce alipelekwa kusimamia ghala la rangi mpaka alipostaafu mwaka 1991, na Beckwith akaongezewa nyota. Loo, Thornhill! Maiti ulimfufua na mzima ukamzika, siku moja.

Baada ya hapo marehemu alilima karanga. Imogene alimtangulia mwaka 2011. Ugonjwa wa Parkinson ulimwanza mwaka 2019, akatetemeka hata kikombe hakishikiki. Nilikuwa nikimlisha, naye hakuacha kunielekeza kijiko kije kwa pembe gani. Siku moja akanishika mkono.

"Verna, siku ya mazishi uwasomee ile ya Oktoba."

"Ya nini tena, kaka? Uende kaburini na ugomvi?"

"Kelsey yumo mle."

Kelsey ni binti wa Lorraine. Amevaa fulana ya kijani, anatunza zile nyaya za kunasia ndege, ndani ya Stony Gap, meli ileile. "Wakubwa wake wamefundishwa kwamba haizami," kaka akasema. "Mimi nilizama nayo." Alifariki dunia kwa mara ya pili tarehe 3 Februari 2024, nyumbani, Lorraine na mimi tukiwa pembeni yake.

Jumanne Beckwith akaja jikoni kwangu, akala mkate wangu wa nyama ya nguruwe.

"Dada Verna, aya ile itoe. Nitapiga simu, majivu yake yamwagwe baharini kutoka Stony Gap yenyewe, kwa mizinga ya heshima."

"Royce anazikwa ardhini karibu na mkewe. Huku hakuzami."

"Yalikuwa mazoezi tu. Hakuna aliyekufa."

"Basi unaogopa nini yakisomwa?"

Akafuta mdomo, akaomba kahawa nyingine.

Marehemu ameacha binti, Lorraine; mkwe, Curtis; mimi dada yake; na mjukuu, Kelsey, ambaye hayupo nasi kwa sababu Stony Gap iling'oa nanga Alhamisi kwenda kumtisha mtu.

Sasa naomba wote mkae. Si kwenye viti, chini. Majani ya hapa makaburini yamelowa, najua, na suti zenu zimepigwa pasi. Vijana wa Royce walikaa juu ya chuma. Lorraine, kaa, mwanangu. Mchungaji, nawe pia. Na wewe, Thornhill, kaa. Mara ya kwanza ulikataa. Safari hii kafa kweli, na huna cheo cha kumwinua. Kaa hapo hapo umwombee Kelsey.

Pumzika kwa amani, kaka. Nimewasomea.