Kesi ya Pikipiki Mbili za Walter

Mkabala na korti za Makadara, ng'ambo ya barabara, pana benchi la mbao ambalo halijawahi kumwacha mtu afanye jambo kwa akili yake mwenyewe. Wanaume ambao kesi zao ziliisha zamani huja hapo kila asubuhi. Wakishachoka kusikiliza kesi za watu huko ndani, wanavuka barabara, wanaagiza kahawa ya Qali, mama wa birika hapo kando, na kuendesha korti yao wenyewe. Mwaka huo wa tisini na sita hakuna mtu wa mtaa ule aliyenunua redio, kitanda wala jogoo bila benchi kumpitishia. Kanuni ilikuwa moja tu: mwenye kesi ndiye huwaitia wenzake kahawa mpaka hukumu itolewe. Kwa hiyo hukumu zilikuwa adimu sana.

Ijumaa hiyo kesi ilikuwa ya Wakoli, na ilikuwa imeingia siku ya tatu. Wakoli alikuwa amesambaza mikate kwa baiskeli miaka sita, kutoka bekari moja ya Baba Dogo hadi vioski vya Komarock. Sasa bekari ilitaka mtu wa pikipiki, avuke Komarock aende mpaka Njiru, ambako mvua ikinyesha udongo mweusi hukwamisha hata ng'ombe. Meneja alimwambia wazi: njoo na pikipiki Ijumaa kabla ya saa saba, njia iwe yako, usipokuja, nampa mwingine. Na pikipiki zilikuwapo mbili, zote kwa gereji ya Walter. Moja nyekundu, ya lami, fupi, yenye keria pana nyuma. Nyingine ya samawati, ya matope, ndefu, matairi yana meno. Kuendesha alijua tangu akiwa kijana kule Bungoma, na moyo wake ulikuwa umeshaipenda ile nyekundu. Lakini baiskeli yake aliinunua bila kuuliza benchi, fremu ikavunjika wiki ya pili, wakamcheka mwaka mzima. Wakoli alikiogopa kicheko kile kuliko matope ya Njiru.

— Korti imekaa, alisema Chege. Alikuwa anaitwa Jaji, kwa sababu kwa miaka minne hakuwahi kukosa kikao cha Makadara hata akiwa na malaria. — Qali, tia kahawa. Injinia, endelea na ushahidi wako wa jana.

Injinia ni Andati. Alikuwa amefagia gereji kubwa ya Industrial Area mpaka walipopunguza wafanyakazi, na akatoka huko na ovaroli moja na maarifa yote ya dunia.

— Mimi nasema hivi, Jaji. Hiyo ya samawati eksozi yake, bomba la moshi, imepanda juu, iko hapa kando ya tako. Wakoli akifunga kreti za mkate, plastiki inayeyuka. Akifika Komarock ako na tosti.

— Si watu wa Komarock wanapenda tosti? aliuliza Kim.

— Wanapenda ya siagi, si ya petroli!

Walicheka. Wakoli naye alicheka, ingawa hoja ilikuwa ya maana na alitaka iandikwe mahali.

— Sasa si basi nichukue nyekundu? alisema. — Keria iko, eksozi iko chini.

— Pole pole, buda, alisema Kim. Huyu walimwita Safari. Kila Pasaka alienda kusimama kando ya barabara kuangalia magari ya mashindano ya Safari yakipita, akarudi na vumbi mpaka kwenye kope, na tangu hapo akajihesabu kuwa dereva. — Nyekundu imekaa chini kama bata. Madigadi ya mbele, hicho kikinga matope, imebusu tairi. Ukiingia ule udongo wa Njiru, matope yanajaa hapo katikati, gurudumu linashika, na wewe unaruka na mikate yako unaenda kutua Machakos.

— Hiyo nayo ni kweli, alikiri Injinia, na ilimuuma kukiri.

Kwa hiyo kufikia saa nne na nusu benchi lilikuwa limegusa ukweli wote uliokuwapo kuhusu pikipiki zile mbili. Moja ingeyeyusha kreti, nyingine ingekwama. Watu wenye haja ya kumaliza wangeanzia hapo. Hawa ndipo walipoagiza kahawa nyingine.

— Shida si piki, alisema Safari. — Shida ni vile mtu anaendesha. Matope huendeshwa ukiwa umesimama. Unasimama hivi, magoti umekunja, unaongea na udongo.

Alisimama juu ya benchi kuonyesha, akakunja magoti. Benchi likalia, kahawa ya Jaji ikamwagika kidogo.

— Na kwa lami?

— Kwa lami unalala kifudifudi juu ya tangi. Upepo unapita juu.

— Na mikate?

— Mikate pia inalala.

— Wacha mchezo, manze, alisema Injinia. — Jambo la kwanza ni uzito. Huyu ni mtu wa Bungoma. Ugali anaokula unaanza kuhesabiwa kabla ya kreti. Hizo shokabzoba zilitengenezewa watu wa kula wali.

— Andati, si wewe pia ni Mluhya? aliuliza Wakoli.

— Mimi sinunui piki.

Wakoli alitazama ng'ambo. Mawakili walikuwa bado ndani. Kutoka hapo hadi kwa Walter, halafu bekari, alihitaji saa nzima kama matatu zingekuwa na huruma. Alisogea ukingoni mwa benchi, makalio nusu hewani.

— Waheshimiwa, mimi saa saba wananingoja.

— Unataka kuharakisha korti? aliuliza Jaji. — Korti ikiharakishwa mtu asiye na hatia anafungwa. Injinia, jambo la hewa.

— Ndio. Hewa. Nyinyi hamjui, lakini tairi haijazwi hewa ya huku. Hewa ya huku imejaa moshi, ni nzito. Unaamka mapema unaenda kujaza Limuru. Ile hewa ni baridi, ni nyepesi, piki inaenda kama haigusi chini. Na kama haigusi chini, matope yako wapi?

Hata Safari alishuka kwenye benchi kuiheshimu hoja hiyo. Lakini hakukubali kushindwa na mtu wa ufagio.

— Kule gereji yenu mlijua karao wa trafiki wanafanyaje? Karao akiona nyekundu anasimamisha. Rangi nyekundu inamkumbusha taa. Piki ya Njiru inafaa iwe na rangi ya matope kutoka mwanzo, udongo ukiiona unadhani ni mwenzake, unaiachilia.

— Kwa hiyo tupake rangi?

— Tupake rangi, halafu tujaze hewa ya Limuru, halafu huyu asimame!

Jaji aliinua mkono. Alikuwa amefumba macho kitambo, na wenzake walijua maana yake ni kwamba ama amelala ama anaandika hukumu.

— Korti imesikia pande zote. Mbele ya samawati ni nzuri. Nyuma ya nyekundu ni nzuri. Korti inaamuru zinunuliwe zote mbili, zikatwe katikati, mbele ya ile ichomelewe na nyuma ya hii.

— Na zile nusu zingine? aliuliza Wakoli.

— Zitakuwa piki ya kurudi.

Injinia alipinga kwa sababu ya injini: kila nusu ingebaki na nusu injini. Safari alisema hiyo ndiyo nzuri, itakula nusu mafuta. Wakabishana pikipiki mpya iitweje, iandikishwe kwa jina gani, na nani ashike welding. Wakoli aliomba njia apite mara mbili. Mara zote mbili walimvuta shati wakamkalisha, wakamwambia hukumu haisomwi bila mshtakiwa. Naye, Mungu amsamehe, alikaa. Kila alipotaka kuinuka alikisikia kicheko cha mwaka ule.

Alipotazama ng'ambo tena, makarani walikuwa wanatoka kortini kwenda kula, wawili wawili, mafaili kwapani. Saa saba.

— Kesi itatajwa Jumatatu, alisema Jaji. — Qali, moja moja ya mwisho.

Walikuwa bado wanainywa ile ya mwisho, kama saa nane, pikipiki ilipovuka barabara na kusimama mbele yao. Ilikuwa nyekundu. Nyuma, juu ya keria, kreti nne za mkate zilikuwa zimefungwa kwa mpira, na mbele madigadi ilikuwa ya samawati, imeinuliwa juu ya tairi kiasi cha mkono kupita. Mwendeshaji alivua kofia. Alikuwa Kanyiva, msichana aliyefungasha mikate ndani pale bekari; Wakoli alimjua, lakini yeye alimjua Wakoli kwa jina tu.

— Hamjambo, wazee. Natafuta Baba Ayuma. Wakoli.

— Ni mimi, Kanyiva.

— Shikamoo. Meneja amenipa ile njia. Lakini hajui vioski viko wapi, amesema ni wewe tu unajua.

Injinia alikuwa ameshainama kwenye gurudumu la mbele.

— Madigadi hii ni ya ile ingine. Nani alikuambia?

— Nilimuuliza Walter. Akafungua skrubu nne, akahamisha.

— Ilichukua muda gani?

— Sijui. Nilikuwa bado nakunywa soda.

Hakuna aliyecheka. Wakoli aliomba kalamu, akachukua karatasi ya pakiti ya sigara ya Safari na kuanza kuchora. Hapa stegi ya Komarock. Kioski cha kijani, mama Nyawira, anza na yeye, ukimchelewesha hasira yake inafika mpaka kesho. Ukipita kinu cha unga shika kulia, usifuate alama za lori, lori hupita palipo laini. Kule Njiru, kabla ya machimbo ya mawe, kuna mzee wa mikate sita na haongei. Weka tu juu ya kaunta. Alichora miaka sita kwenye karatasi ile, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

Kanyiva alikunja karatasi akaiweka kifuani. Alikuwa amevaa kofia nusu alipogeuka.

— Meneja alikuwa amekataa kunipa mpaka saa saba ipite. Alikuwa anasimama getini anaangalia barabara. Mbona hukuja?

Aliuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayetaka kujua. Injinia alikuta kitu cha kusafisha kwenye ukucha wake. Safari, aliyekuwa na jibu la kila kitu hadi hewa ya Limuru, alitazama mawingu. Wakoli alirudisha kalamu.

Kanyiva alifunga mkanda wa kofia. Kisha akamshukuru kwa njia, akapiga teke la kuwasha, akaingia Jogoo Road.

Walimtazama mpaka alipopotea. Jaji alikohoa.

— Hiyo piki, alisema, — haitafika Njiru.

— Kabisa, alisema Injinia.

— Itafika, alisema Wakoli, na akasimama kwenda nyumbani kumwambia mkewe. — Njia nimemchorea mimi.