Fundo la Kamba Mbichi

Mzee Rugaibula aliwaambia wanawe wasogee kitandani, maana sauti yake ilikuwa haifiki tena mlangoni. Wakasogea wote watatu: Kamugisha mkubwa, Aroni, na Kemilembe aliyekuja juzi kutoka kwa mumewe Muleba. Kila mmoja alikuwa na punje za mwani, kahawa ya kutafuna, mkononi, na hakuna aliyetafuna. Walijua mzee anataka kumtaja musika, yule atakayeachiwa kibanja chenye makaburi ya babu zao.

Magunia ya kahawa ya Kamugisha yalipangwa pale pale ukutani. Aliyanunua bei ikiwa juu, ikashuka, akangoja, ikashuka tena. Sasa Bashiri, mfanyabiashara wa Bilele, alikuwa tayari kumkopesha anunue mengine, mradi tu kibanja kiwe rehani.

"Kahawa ya kununua leo na kuuza mwezi ujao ndiyo iliyojenga nyumba hii," mzee akaanza, "na ndiyo iliyowamaliza wenzangu nilioanza nao biashara, na msifikiri niliwazidi akili, mimi nilikuwa nafunga kamba tu. Asubuhi ya kununua, kabla sijasikia porojo za sokoni, nachuna kamba mbichi ya mgomba, nafunga gunia, napiga fundo huku nataja bei, kwamba kahawa ikishuka mpaka hapa nauza, hata kama nalia. Kamba ile ikikauka haifunguki, labda uikate. Niliichagua kwa sababu nilikuwa sijiamini. Mwenzangu Lwakatare naye alifunga hivyo hivyo, mpaka mwaka alioona bora angoje wiki moja zaidi, na leo mkienda Muleba mnaona wageni wanapalilia juu ya kaburi la mama yake."

Akapumzika. Halafu akamwomba Aroni amsogezee gunia moja kitandani. Vidole vyake vikaifuata kamba polepole, vikafika kwenye fundo, vikasimama.

"Hii ni mbichi," akasema. "Umeifunga lini, mwanangu?"

"Jana, Tata. Bei ilifika pale tuliposema. Nikaona itapanda."

"Na ile niliyoishika wiki iliyopita?"

"Niliikata, nikafunga hii kwa bei ya chini zaidi."

"Basi hiyo si kamba, kaka," Kemilembe akasema chinichini. "Ni urembo."

Mzee hakucheka, wala hakukasirika. Akaendelea kugawa. Ng'ombe ni wa Aroni. Migomba ya kule bondeni ni ya Kemilembe, na asije mtu kumwambia kwamba ameolewa. Byarugaba alipwe mbuzi wake. Ule ugomvi wa mpaka na Rugemalira wauache, azikwe nao yeye. Kila alichotaja kilimchosha, na kibanja hakukitaja.

"Lori la wanunuzi wa Kemondo linapita mchana," akasema mwishowe. "Nikilisikia linaondoka na magunia haya, nitataja jina. Sikulazimishi, Kamugisha. Mimi nasikiliza tu."

Kamugisha akatoka nje. Kichwani alikuwa bado anapiga hesabu: mwezi ujao huenda, Bashiri alisema huenda. Akasimama uani, miguu ikiwa karibu na mawe ya kaburi la babu yake, pale pale alipokuwa akicheza utotoni. Lori lilipopiga honi akaingia ndani bila kumwangalia mtu, akabeba gunia la kwanza mgongoni mwenyewe.

Privatus, dereva, akashangaa. "Leo bei mbaya sana, bwana. Si ungengoja kidogo?"

"Nimeshangoja," Kamugisha akasema, akarudi kuchukua la pili.

Ndani, mzee alikuwa amefumba macho. Injini ikanguruma, ikapanda kilima, ikapotea. Hapo akayafumbua, akaomba kamba mbichi ya mgomba. Aroni akakimbia kuichuna.

"Lete mkono," akamwambia Kamugisha.

Akaizungusha kamba kwenye kiganja cha mwanawe, akiongea kwa vipande, akivuta pumzi katikati.

"Kibanja… ni cha Kamugisha. Kahawa fanya, sikukatazi… Lakini makaburi… usiyapeleke sokoni. Mnizike karibu na baba… pale mlangoni. Msigombane. Mungu awape… usingizi. Kila usiku… awape usingizi."

Akapitisha ncha ya kamba ndani ya fundo, na mkono wake ukaishiwa nguvu hapo hapo, fundo likiwa halijakazwa.

Kamugisha akainama, akaishika ncha ile kwa meno, akakaza mwenyewe.