Seva Iliyogoma Kuitika

Kijiwe chetu ni benchi moja refu lililoegemea ukuta wa shule ya wasioona, upande wa stoo. Mimi nashona viatu kwenye ncha moja. Katikati hukaa Profesa, ambaye hajawahi kufundisha popote. Anapiga pasi nguo za watu na kusoma magazeti anayozifungia. Karibu na birika hukaa Dereva, aliyestaafu lori lakini hajastaafu kulisimulia. Kahawa ni ya Shangazi. Sote tunamwita hivyo kwa sababu ya binti wa kaka yake, fundi wa kompyuta wa shule hiyo. Siku hiyo, saa nne asubuhi, binti alitoka stoo amekumbatia laptopu, akajitupa kati yetu kama mzigo.

— Leo hata shikamoo hakuna? Dereva akauliza.

— Shikamooni. Nisameheni, baba. Seva imenigomea.

— Ndiye nani huyo?

— Ni boksi la chuma humo stoo. Halina skrini wala kibodi, unaongea nalo kwa laptopu tu. Ndani yake kuna vitabu vyote vya shule vilivyosomwa kwa sauti. Wanafunzi wanasikiliza humo, na mtihani unaanza keshokutwa. Boksi la zamani liliungua juzi, diski yake ikapona, nikahamishia kila kitu kwenye jipya.

— Kuhamisha nako ni kazi? Shangazi akasema huku akimimina. Si unabeba tu?

— Nilichohamisha ni kompyuta pepe, Shangazi. Haina mwili wake. Inaishi ndani ya boksi, na yenyewe inajiona kompyuta kamili.

Profesa akatua kikombe.

— Yaani pepo.

— Pepe, mzee. Siyo pepo.

— Herufi moja hiyo isikusumbue, mwanangu. Kitu hakina mwili, kimeingia kwenye mwili wa mwenzake, kimekataa kusema. Sasa hapo unataka niite nini?

Tukacheka. Binti hakucheka. Akaeleza kwamba jana boksi jipya halikuitambua kabisa ile kompyuta pepe, kwa kuwa ilitengenezwa kwa mtindo uliopitwa na wakati. Akarekebisha. Leo asubuhi ikakwama kwenye kuwaka, maana boksi jipya huamsha kompyuta kwa njia mpya, nayo imezoea ya zamani. Akairudishia ya zamani.

— Sasa hakuna kosa linaloonekana, akasema. Ni kimya tu. Naita, haiitiki.

— Dizeli hiyo! Dereva akadakia. Umetia injini ya dizeli kwenye gari la petroli. Pampu imevuta hewa. Mimi lilinikuta mlimani na tani kumi na mbili za saruji…

— Baba, hii haina pampu.

— Basi tuisukume. Pale getini pana mteremko mzuri. Nyie sukumeni, mimi nashika usukani.

— Haina usukani.

— Si ndiyo maana haiwaki!

Profesa alikuwa amefumba macho, dalili kwamba nadharia inaiva.

— Jamani, hebu jiwekeni kwenye nafasi yake. Kompyuta isiyo na mwili, ndani ya boksi lisilo na uso. Hata mimi nikiamka asubuhi nikajipapasa nisikute uso, narudi kulala.

— Itundikieni kioo, nikasema.

— Na wewe shona viatu, Shangazi akanikatiza. Mwanangu, umekula?

Binti akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yakimlengalenga.

— Nina nakala ya akiba, lakini ni ya mwaka juzi. Vitabu kumi na tisa havimo. Nitawaambia nini wale watoto?

Hapo akatokea mwalimu mmoja na fimbo yake nyeupe. Hupita kila siku, ila hakuwahi kuketi nasi. Alisimama.

— Samahanini, nimesikia kutoka dirishani. Fundi, umejuaje kwamba haijaamka?

— Naiita haiitiki, Mwalimu.

— Unaiita wapi?

— Kwenye anwani yake.

— Anwani ya boksi lililoungua, au ya hili?

Dereva akapiga funda, kikombe kikiwa kitupu. Binti alimtazama Mwalimu, akaitazama laptopu, akaanza kunong'ona peke yake.

— Boksi jipya limeipa kadi mpya ya mtandao… Anwani niliifunga kwenye kadi ya zamani… Kumbe imepewa nyingine! Mungu wangu!

Akafungua orodha ya vyote vilivyomo kwenye mtandao wa shule. Printa. Simu ya mkuu wa shule. Simu ya mhasibu. Na mgeni mmoja asiye na jina. Akaiandika anwani ya mgeni, akaweka nywila. Kisha akapiga kelele hadi kunguru wakaruka ukutani.

— Iko macho! Imeamka tangu saa mbili na dakika kumi!

— Ikatuacha tunabishana? Profesa akang'aka. Haina adabu!

Binti alikuwa ameshainuka kumkumbatia Mwalimu, fimbo ikaanguka, Shangazi akaiokota huku akipiga vigelegele. Dereva alitaka ithibitishwe, kwa hiyo binti akafungua kitabu cha kwanza kilichomjia, biolojia. Sauti ya mwanamke, taratibu na safi, ikatoka kwenye laptopu: sura ya nne, mfumo wa upumuaji wa chura. Binti akairudishia anwani yake ya zamani, na dakika chache baadaye shangwe zikalipuka madarasani. Wanafunzi nao walikuwa wamevipata vitabu vyao.

Tukamsogezea Mwalimu nafasi, akaketi.

— Kumbe chura anapumua hata kwa ngozi? Profesa akanong'ona.

— Nyamaza, Dereva akasema. Tunasoma.

Birika lilikauka kabla ya sura ya tano, na hakuna aliyeinuka.