Bi Mardhiya wa Vimelea

Baada ya miaka ishirini na tisa katika maabara yetu hapa Hounslow, Bi Mardhiya Himid anastaafu Ijumaa, tarehe 26 Juni 2026. Kazi yake ilikuwa kuwatambua vimelea wa samaki wa baharini, hasa wale wa jamii ya kaa na kamba.

Alizaliwa Wete, Pemba, akaja London na wazazi wake akiwa bado msichana, akasomea elimu ya viumbe. Ni mcheshi, lakini ukimsemesha akiwa kwenye hadubini hupati jibu. Siku moja kengele ya moto ililia, sote tukakimbilia nje. Yeye alitoka wa mwisho, kashika kisahani chenye kidudu chake.

Wengi tunamkumbuka kwa kisa cha Talib, muuza samaki wa Kingsbury. Mteja wake alikuta nyuzi nyekundu zikining'inia ubavuni mwa samaki, na mtaa mzima ukasema Talib anauza minyoo. Samaki wakaletwa kwetu wakaguliwe. Tony, mkuu wetu, alitaka shehena yote iteketezwe. Bi Mardhiya akaomba subira. Alipasua nyama taratibu hadi akafikia kichwa kilichojichimbia ndani.

"Huyu si mnyoo," alisema. "Ni jamaa wa kamba, jike, na nyuzi hizi ni mayai yake. Hana madhara kwa mtu."

Tony akaangalia mwenyewe, akakubali. Jumamosi ile Bi Mardhiya alipanga foleni dukani kwa Talib na kikapu chake, makusudi watu wamwone.

Mwaka uliofuata ikaja shehena nyingine ya Talib. Safari hii walikuwa minyoo kweli, wa kudhuru watu, tena tele. Talib akampigia simu.

"Bi Mardhiya, wewe si mtu wa kwetu?"

"Ni mtu wa kwenu, Talib. Na watakaowala hawa samaki ni wa kwetu pia. Siwezi kuwapitisha."

Kwa miezi mingi Talib hakumsalimia, hata wakikutana harusini. Lilimuuma, alitutajia mara moja tu, tukinywa chai. Kisha siku moja Talib akatokea mapokezi na ndoo ya barafu. Alikuwa amepata msambazaji mpya.

"Nitazamie hawa, dada," alisema, "kabla sijanunua."

Bi Mardhiya, ahsante kwa subira yako na kwa kutufundisha kutazama. Binti yako Miska ametuambia safari ya Wete iko tayari. Nenda ukapumzike kwa raha na afya, ule samaki wa kupaka bila kumfunua mashavu kwanza.

Mwende, kwa niaba ya wenzako wote wa maabara