Mzee Lewa na Zile "Sijui" Tisa

Ndugu, jamaa na majirani mliofika Kakuyuni leo, tarehe 14 Novemba 1987, kumsindikiza baba yetu, ahsanteni. Mimi ni Easter, kifungua mimba wake, na nitasema kama alivyotufunza: bila kupunguza, bila kuongeza.

Mzee Hezron Lewa Kitsao alizaliwa papa hapa mwaka 1928. Alisoma shule ya misheni hadi 1944, akatoka na Kiingereza cha Biblia ambacho mahakimu walikiheshimu na kukicheka. Tarehe 18 Desemba 1954 alifunga ndoa na mama yetu, Sidi.

Tangu Februari 1950 hadi alipostaafu mwisho wa 1983, alikuwa mkalimani wa mahakama, Malindi na Kilifi. Alituambia kila kosa lina lugha yake. Mwizi wa mbuzi husema machache: "Nilipita. Nikamwona. Basi." Aliyempiga mwenzake huanzia mbali, kwenye ugomvi wa mwaka juzi, mpaka hakimu asinzie. Na tapeli ana adabu tele; kila mtu ni ndugu yake, huapa bila kuombwa, wala hakosi jibu. Mama alimtania, "Na wewe ukichelewa kurudi, lugha yako ni ipi?" Baba akacheka: "Ya mwizi wa mbuzi."

Juni 1981, mkulima aitwaye Randu alishtakiwa Malindi kwa kuuza shamba lisilo lake. Shahidi mkuu alikuwa dalali, naye alizungumza vizuri mno. Randu, kila alipoulizwa juu ya hati, alijibu, "Sijui." Hakimu akachoka, akamwambia Baba, "Fupisha. Sema anakana." Baba alikuwa na watoto watano, wadogo bado wa kusomesha, na kazi hiyo moja tu. Akasema, "Niwie radhi, Mheshimiwa. Amesema sijui, mara tisa. Kazi yangu ni kutoa neno kama lilivyotoka."

Hakimu aliziandika zote tisa, akazisoma, kisha akaamuru dalali arudi aulizwe upya. Dalali alikuwa na jibu kwa kila swali, na kwa mengine majibu mawili yasiyolingana. Kabla ya adhuhuri ikajulikana kwamba yeye ndiye aliyemshika Randu kidole gumba akakigandamiza kwenye hati ambayo Randu hakuweza kuisoma. Randu akaenda zake nyumbani.

Ugonjwa wa sukari ulimwanza Baba mwaka 1985. Randu alikuja kila Jumapili na kunde za shambani, wakakaa wawili wakizichambua. Baba alifariki hospitalini Malindi tarehe 9 Novemba, saa nne asubuhi. Siku mbili kabla aliniambia maisha yamemtosha, nami nilimwamini, kwa kuwa hakuwa mtu wa kutia chumvi.

Ameacha mjane, Sidi. Watoto Easter, Mapenzi, Kitsao, Kadzo na Nyevu. Na wajukuu kumi na mmoja. Randu naye aliomba jina lake liwemo katika wasifu huu. Tulipomuuliza aandikwe kama nani, alisema, "Sijui."

Tumemwandika mtoto wa sita. Lala kwa amani, Baba.